Mzee Vizazi Akabidhi Kopo la Dadu

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtunza mitambo mkuu wa maabara yetu ya chanjo za mifugo atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni, na Jumatatu hatakuja kulichukua. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe na ameomba zisiachwe.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Sote tunamwita Mzee Vizazi, na mhudumu wa posta pia. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Mtu akimwamkia asubuhi na kumuuliza habari za tangu jana, hujibu kwamba ni vizazi elfu nne na mia mbili, vyote vizima, kisha hupita kwenda kuchungulia skrini zake. Wageni hudhani ana ukoo mkubwa. Hawakosei sana.

Vizazi vyenyewe ni vya virusi. Mwandishi wa wasifu huu ni karani wa masjala, aliishia kidato cha nne, na alimwomba amweleze kazi yake kwa maneno ya kawaida. Mzee Vizazi alivuta kiti, jambo ambalo hulifanya kwa kila anayeuliza, awe profesa au mfagizi. Alieleza kwamba kirusi ni barua ndefu inayojinakili, na kama karani yeyote aliyechoka, hukosea herufi. (Aliomba radhi kwa mfano huo. Ulipokelewa.) Makosa mengi huiua barua. Mengine hayabadilishi kitu. Lakini mara moja moja kosa hukipa kirusi sura mpya, na kinga ambayo kuku alipewa kwa chanjo hukutana nacho mlangoni isikitambue, kikapita.

Kusubiri mambo hayo yatokee mabandani huchukua miaka mingi na kuku wengi. Ndiyo maana maabara yetu hukiandika kirusi ndani ya kompyuta, kikiwa safu ya herufi tu, na kuiambia kompyuta ikinakili na ikosee kwa bahati nasibu. Nakala zinazoishinda chanjo ndizo zinazozaa tena. Kwa njia hiyo miaka kumi ya kirusi hupita kati ya Jumatatu na Alhamisi, na hakuna kuku anayekohoa. Kazi hii huitwa uigaji. Mwandishi aliuliza kama kirusi cha kwenye kompyuta kinaweza kumwambukiza mtu aliyekaa karibu na skrini. Mzee Vizazi alifikiri kwa muda wa heshima, kisha akasema hapana.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba aliyeajiriwa kufunika kompyuta mbili kwa kitambaa jioni na kuzifunua asubuhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yote. Barua yake ya ajira ipo masjala na inasema wazi: kufunika na kufunua. Katikati ya kufunua na kufunika palikuwa na saa nane, naye alizitumia kusoma vitabu vya maelekezo vilivyokuja na mashine hizo, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na kurasa za onyo la shoti ya umeme. Mwaka wa pili wataalamu walianza kumuuliza maswali. Mwaka wa tano walianza kumsubiri.

Katikati ya hapo alioa, na hapa mwandishi anaomba asikimbizwe, kwa sababu hili ndilo fungu analolipenda kuliko mengine yote.

Maabara ilikuwa imemwajiri mshonaji wa kike kwa mkataba wa miezi mitatu, kushona makoti meupe ya wafanyakazi wote. Kila mfanyakazi alipimwa mara moja. Daftari la vipimo lipo masjala, na linaonyesha kwamba mtunza mitambo alipimwa mara nne. Mara ya kwanza mikono ilikuwa mirefu. Mara ya pili ilikuwa mifupi. Mara ya tatu sababu haikuandikwa. Mara ya nne, kwa mwandiko wa mshonaji mwenyewe, imeandikwa "sawa" na kupigiwa mstari mara mbili. Walifunga ndoa tarehe kumi na nne Agosti. Wana watoto watatu ambao, kwa maelezo ya baba yao, hawafanani hata kidogo, na jambo hilo analiona la afya kabisa.

Mkewe tunamwita Mama Cherehani. Mkumbukeni, kwa sababu bila yeye wasifu huu ungekuwa mfupi na chanjo ya kuku ingekuwa nyingine.

Kamati ya sherehe ilipendekeza kwamba sehemu inayofuata iachwe, kwa kuwa siku ya kuagana si siku ya kukumbushana makosa. Rasimu ya kwanza iliandikwa hivyo, bila kosa lolote, na ilimtaja kuwa Mkuu wa Sehemu mstaafu. Mzee Vizazi aliisoma akiwa amesimama, akairudisha, akasema ni nzuri ila ina kasoro moja: inamhusu mtu mwingine. Yeye hakuwahi kuwa mkuu wa sehemu, na sababu ya kutokuwa ndiyo kitu pekee ambacho angependa vijana wa chumba cha kompyuta wabaki nacho. Aliongeza kwamba sababu hiyo isipoandikwa hatakuja kwenye sherehe, na Mkurugenzi atakata keki peke yake. Kamati ilibadili msimamo kabla ya chai.

Basi ilikuwa hivi. Miaka kumi na saba iliyopita palikuwa na chanjo mbili mpya za kuku, na wizara ilitaka kujua ni ipi ambayo kirusi kitachelewa kuishinda. Kuku wa nchi nzima wangechanjwa kwa hiyo moja. Maabara ilipewa miezi mitatu. Mzee Vizazi alipewa kompyuta kumi na jukumu la kuendesha uigaji mara mia kwa kila chanjo, maana bahati nasibu ni bahati nasibu, na jibu la mara moja halimwambii mtu chochote.

Sasa, kompyuta haijui kubahatisha yenyewe. Lazima ipewe nambari ya kuanzia, ambayo mafundi wa kazi hii huiita mbegu, na kutoka kwenye mbegu hiyo huchipusha bahati zake zote. Ukiipa mbegu mpya, inapata bahati mpya. Ukiipa mbegu ile ile, inarudia bahati zile zile kwa mpangilio ule ule, kosa kwa kosa, hadi mwisho. Fundi anapotafuta hitilafu kwenye programu hubaki na mbegu moja makusudi, ili kila akirudia apate kitu kile kile. Akimaliza, huiondoa.

Mzee Vizazi alikuwa ametafuta hitilafu. Alihitaji nambari ya tarakimu sita ambayo hataisahau. Aliandika moja, nne, sifuri, nane, na tarakimu mbili za mwaka wa harusi yake. Akaipata hitilafu, akairekebisha, akafurahi, na mbegu hakuiondoa.

Majibu yalikuja mazuri mno. Chanjo ya pili ilisimama imara mara mia kati ya mia. Kirusi hakikuishinda hata mara moja ndani ya miaka kumi ya kompyuta. Ya kwanza ilishindwa mara zote mia. Wataalamu walisema hawajawahi kuona matokeo yanayokubaliana kiasi hicho, na walikuwa wanasema kweli kuliko walivyojua. Taarifa iliandikwa. Soda zilinunuliwa. Kikao cha kuchagua chanjo kilipangwa Alhamisi saa tatu asubuhi, na ajenda ya mwisho ya kikao hicho ilikuwa kumthibitisha Mzee Vizazi kuwa Mkuu wa Sehemu, mwenye ofisi yenye dirisha.

Jumatano mchana Mama Cherehani alikuja kupima dirisha hilo. Alitaka pazia liwe tayari kabla ya barua. Mezani palikuwa na rundo la karatasi mia za chanjo ya pili, kila moja ikiwa na mchoro wa uigaji mmoja: mistari ya matawi ya kirusi ikipanda, ikigawanyika, ikifa. Mumewe alikuwa anazipanga ili zibandikwe ukutani siku ya kikao.

Mshonaji akiona karatasi mbili zenye mistari hufanya jambo moja tu, kama ambavyo mpishi akiona chungu hufunua. Alizichukua mbili za juu, akazilaza moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, kama anavyofanya na karatasi za kukatia nguo. Mistari ilikaa juu ya mistari. Akaongeza ya tatu. Akachomoa moja kutoka katikati ya rundo na moja kutoka chini kabisa. Zote zikalala pamoja bila kupishana hata unywele.

"Baba," alimwambia mumewe, "hizi zote ni gauni moja."

Mama Cherehani anasema ile ndiyo mara pekee alipomwona mumewe akikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kiti kilikuwepo. Alifungua programu, akaiona ile nambari yenye tarakimu sita, akaitazama kwa muda. Mkewe naye aliitazama. Tarehe hiyo wote wawili waliijua.

Wasomaji waelewe hali ilivyokuwa. Taarifa ilikwisha fika wizarani. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amepandanisha karatasi dirishani, na wala hakuna ambaye angefanya hivyo. Kufuta tarakimu sita huchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Na ofisi ilikuwa na dirisha ambalo lilikwisha pimwa.

Mzee Vizazi alipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi wa wakati ule, karatasi tano mkononi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole aliyechoka, na alijaribu kuwa mwema. Alisema kwamba muda umekwisha, kwamba huenda wakirudia majibu yakawa yale yale, kwamba kosa dogo la kusahau halina haja ya kuharibu miezi mitatu ya watu. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba afikirie na kesho yake mwenyewe.

"Mkurugenzi, hatukufanya majaribio mia," alijibu Mzee Vizazi. "Tumefanya moja, tukalipiga picha mara mia."

Kisha akalaza zile karatasi tano kwenye kioo cha dirisha la Mkurugenzi, kama alivyofundishwa nusu saa kabla.

Kikao kiliahirishwa wiki tisa. Wizara iliandika barua yenye maneno makali, na maabara ikamwandikia yeye barua ya onyo yenye maneno hayo hayo. Uigaji ulirudiwa, safari hii kila mmoja kwa mbegu yake. Ile chanjo ya pili, iliyosimama imara mara mia, ilishindwa mara sitini na tatu kati ya mia. Katika jaribio moja kirusi kiliishinda katika mwezi wa kumi na nne. Chanjo ya kwanza, ambayo hakuna aliyekuwa ameinunulia soda, ilishindwa mara tisa tu. Ndiyo iliyochaguliwa, na ndiyo ambayo kuku wa nchi hii walichanjwa kwa miaka kumi na miwili iliyofuata. Wamiliki wa mabanda hawakujua lolote. Kuku wenyewe waliendelea kutaga kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwa kweli, kwa upande wao, hakikutokea.

Ukuu wa sehemu ulipewa mwingine. Pazia lilishonwa upya likawa vitambaa vya kufunikia kompyuta. Barua ya onyo Mzee Vizazi aliibandika ndani ya mlango wa kabati la makoti, ambako iko hadi leo, na kila mfanyakazi mpya huisoma akitafuta mahali pa kutundika koti. Chini yake aliandika kwa mkono kanuni ya kwanza ya chumba cha kompyuta: Usitumie tarehe unayoipenda.

Mama Cherehani, kwa upande wake, aliwaambia majirani kwamba wanawake wenzake wameolewa mara moja moja na wanajisifu, wakati yeye ameolewa mara mia ndani ya miezi mitatu na mwanamume mmoja, na serikali ina ushahidi.

Baada ya hapo Mzee Vizazi hakuiamini tena kumbukumbu yake, wala saa ya kompyuta, wala kichwa cha mtu yeyote anayedhani anabahatisha. Alinunua dadu sita za mchezo wa watoto, akaziweka kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa mbili kamili, korido nzima husikia kopo likitikiswa. Dadu humwagwa juu ya meza, nambari huandikwa kwenye daftari lenye jalada jekundu, na uigaji wa siku huanza. Wapo wanaorekebisha saa zao kwa mlio huo. Mkurugenzi wa sasa aliwahi kumletea programu ya kisasa inayochagua mbegu yenyewe. Aliipokea kwa shukrani, akaisoma yote, akakiri kwamba ni nzuri sana, na kesho yake saa mbili kopo likatikiswa.

Mafanikio yake mengine ni mengi na yako kwenye faili. Alifundisha waendesha mitambo kumi na wanane. Michoro yake ya matawi ya kirusi imesaidia kuonya mapema juu ya aina mbili za kirusi kabla hazijafika mabandani. Mara moja alikaa na kompyuta iliyougua kwa siku nne mfululizo, na ilipopona alichukua likizo ya nusu siku.

Kuna fanikio moja zaidi ambalo halimo kwenye faili rasmi, ingawa ushahidi upo. Mwaka jana, ndani ya wiki tatu, kitabu cha matengenezo kilipokea malalamiko manne kutoka chumba cha kompyuta kuhusu kiyoyozi. La kwanza lilisema kinatoa sauti isiyoeleweka. La pili, kinatoa sauti inayoeleweka kidogo. La tatu halikutaja sauti. Kila mara fundi wa viyoyozi aliitwa, na kila mara, kwa sababu ambayo haikuelezwa, fomu yake ilipaswa kupigwa muhuri masjala, kwa karani, ana kwa ana. Kiyoyozi kilikuwa kizima. Lalamiko la nne limeandikwa neno moja, "sawa", na kupigiwa mstari mara mbili. Karani na fundi walifunga ndoa wiki tano zilizopita. Mwandishi wa wasifu huu hana uwezo wa kulisimulia jambo hilo kwa utulivu, kwa hiyo atasema tu kwamba kila asubuhi huamka akidhani kuna mtu aliyekosea akampa furaha ya mwingine, na hadi sasa hakuna aliyekuja kuidai. Zawadi ya Mzee Vizazi kwa maharusi ilikuwa pasi ya umeme na ushauri: tarehe yenu msiitumie kwa kitu kingine chochote.

Juma lililopita Mkurugenzi alimuuliza angependa kuagwa vipi. Kila mtu alitarajia aombe hotuba fupi. Aliomba kompyuta moja ya zamani, ambayo alikuwa ameitunza chini ya kitambaa pamoja na programu ya wakati ule, na ruhusa ya kuvunja kanuni ya kwanza mara moja, nje ya hesabu, isiandikwe kwenye daftari jekundu. Ruhusa ilitolewa. Aliomba pia kiti kimoja zaidi.

Mama Cherehani alikuja Jumanne akiwa na bahasha. Alikaa kando ya mumewe. Mzee Vizazi aliandika tarakimu zile sita polepole, kwa kidole kimoja, ingawa anaandika kwa vidole kumi. Mashine ile ilichukua siku tatu, na siku zote tatu Mama alifika saa nne asubuhi na kushona akiwa amekaa pale pale, kama mtu anayesubiri mgonjwa ambaye anajua atapona. Matawi yalipanda, yakagawanyika, yakafa. Wafanyakazi walipita kuchungulia kwa visingizio. Fundi wa viyoyozi alikuja kukagua kiyoyozi bila kuitwa.

Alhamisi mchoro ulichapwa. Mama Cherehani alifungua bahasha, akatoa karatasi iliyokuwa imebadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa. Ilikuwa moja ya zile mia, aliyoitunza miaka kumi na saba bila kumwambia mtu. Aliilaza juu ya ile mpya, akazipeleka dirishani, akaziinua kwenye mwanga. Mumewe alisimama nyuma yake na hakutazama karatasi. Alimtazama yeye.

Mama alizishikilia pale kwa muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji.

"Haijasogea," alisema.

Mzee Vizazi alizima mashine ile na kuifunika kitambaa chake, ambacho zamani kilikuwa pazia. Kisha akachukua kopo, akalileta masjala, akaliweka juu ya meza ya karani. Alieleza kwamba vijana wa chumba cha kompyuta watatumia ile programu ya kisasa, na ni sawa, lakini saa mbili asubuhi korido haiwezi kukaa kimya, na nambari moja kwa siku ya kuikagua programu hiyo haitamdhuru mtu. Kuanzia Jumatatu kopo litatikiswa hapa. Karani amefanya mazoezi. Bado anamwaga dadu moja chini.

Kwa hiyo, Mzee Vizazi, wenzako wa maabara wanakushukuru kwa vizazi vyote ulivyovitazama ili sisi tule mayai bila kufikiri, na kwa ngazi ulizopanda Jumatano ile ukiwa na karatasi tano mkononi. Nenda ukapumzike na Mama. Tunawatakia asubuhi nyingi, kila moja na bahati yake, zisifanane hata mbili, isipokuwa ile moja mnayoijua, ambayo tunaomba ijirudie vile vile, kosa kwa kosa, hadi mwisho.